Habari za Friedrich Fröbel, Aliyewafungulia Watoto Wadogo Bustani

Watu wengi wakimwona mtoto anacheza husema moyoni kwamba hafanyi kitu. Baba apitaye uani huona vijiti vimepangwa mchangani, huvisukuma kando kwa mguu, wala hana habari kwamba amebomoa nyumba. Mama humwita binti yake aache upuuzi, aje kwenye kazi. Nasi walimu tumo katika hesabu hiyo, maana tukipewa watoto wa miaka minne au mitano, mara nyingi jambo la kwanza tuwafundishalo ni kukaa kimya na kukunja mikono. Kwa hiyo mwezi huu nataka kuwasimulia habari za mtu mmoja aliyekufa zamani, ambaye aliutazama mchezo wa mtoto kwa macho mengine. Shule za chekechea tulizo nazo leo zina asili yake katika kazi ya mtu huyu, ijapokuwa wengi wetu hatujapata kulisikia jina lake. Naye alikuwa mtoto wa mchungaji wa Kilutheri.

Friedrich Fröbel alizaliwa tarehe 21 Aprili 1782 katika kijiji cha Oberweißbach, kwenye milima yenye misitu ya Thüringen, huko Ujerumani. Siku zile Ujerumani haikuwa dola moja, bali ilikuwa imegawanyika katika milki nyingi, kubwa na ndogo, kila moja na mtawala wake. Baba yake, Johann Jakob Fröbel, alikuwa mchungaji wa usharika mkubwa wenye vijiji vingi, tena alikuwa mtu wa bidii, mwenye kuyashika sana mafundisho ya kanisa na mwenye kuifanya kazi yake bila kujihurumia. Lakini Friedrich alipokuwa na umri wa miezi tisa tu, mama yake akafa. Baba hakuwa na nafasi ya kumtunza mtoto mchanga, maana wagonjwa walimngoja, na wenye mashauri walimngoja, na mahubiri yalimngoja. Basi mtoto akaachwa mikononi mwa watumishi na ndugu zake wakubwa.

Baada ya miaka michache baba akaoa mke mwingine. Mwanzo mama huyu alimpenda Friedrich, naye mtoto akamshikilia kwa moyo wake wote, kwa kuwa alikuwa hajaonja pendo la mama. Hata alipozaa mtoto wake mwenyewe, moyo wake ukageuka. Akaacha kumsemesha Friedrich kwa neno lile la wewe ambalo Wajerumani hulitumia kwa watoto wa nyumbani, akamsemesha kama walivyosemeshwa watumishi na watu wa nje. Jambo hilo laonekana kuwa dogo, lakini mtoto aliposikia neno lile alitambua kwamba ametolewa nje ya mlango huku bado anakaa ndani ya nyumba. Akawa mtoto wa peke yake, hana mwenziwe wa kucheza naye, tena kila kosa lililotokea nyumbani lilihesabiwa kuwa lake. Baba yake naye akamwona kuwa mzito wa akili. Alijaribu kumfundisha kusoma, ikamwia vigumu, akaishiwa na uvumilivu.

Faraja yake ilikuwa maua na miti iliyozunguka nyumba, na ndugu yake mkubwa aitwaye Christoph. Huyu Christoph alikuwa akijifunza kazi ya uchungaji, na kila alipokuja likizo alikuwa mpole kwa mdogo wake. Siku moja alimwonyesha maua madogo ya mti wa njugu wa porini, akamweleza jinsi Mungu alivyoiweka kazi ya kuzaa hata katika mimea. Mtoto yule hakuisahau siku ile maisha yake yote. Natuliweke moyoni jina la Christoph, maana tutalikuta tena mbele.

Alipotimia miaka kumi, mjomba wake, Mchungaji Hoffmann wa mji wa Stadtilm, akaona hali ya mtoto wa dada yake, akaomba apewe amlee. Huko mambo yalikuwa mengine kabisa. Mjomba alimwamini. Friedrich aliruhusiwa kwenda atakako, akasoma pamoja na wavulana wa mji, na baada ya masomo wakatoka kwenda kucheza. Mara ya kwanza hakuweza kushindana nao, kwa kuwa mwili wake ulikuwa haujazoezwa wala mikono yake haikujua kukimbizana na mpira. Lakini polepole akapata nguvu na furaha. Wasomaji, yafikirini hayo. Kijana wa miaka kumi alilazimika kujifunza kucheza, kama vile mtu mwingine alazimikavyo kujifunza kuogelea baada ya kukua. Hapo ndipo ilipo mbegu ya kazi yake yote, ingawa miaka mingi ilipita kabla haijachipuka.

Maana ujana wake ulikuwa ujana wa kutangatanga. Mwaka wa 1797 alipelekwa kwa bwana mmoja wa misitu ili ajifunze kazi hiyo, akakaa miaka miwili, na mafundisho aliyopewa yakawa kidogo. Mwaka wa 1799 akaingia chuo kikuu cha Jena, akasoma hesabu na elimu ya viumbe. Lakini akaingia katika deni, akashindwa kulipa, akafungwa katika gereza la chuo kwa majuma tisa. Alitoka baada ya kukubali kuuacha urithi wake kwa baba. Akarudi nyumbani kwa aibu. Hata hivyo Mungu aliwapa baba na mwana neema ya kupatana, kwa kuwa mzee alikuwa mgonjwa, naye Friedrich akamsaidia kuandika barua zake mpaka alipokufa mwaka wa 1802. Baada ya hapo akafanya kazi ya ukarani, na kupima mashamba, na kutunza hesabu za matajiri, kila mara akiiacha kazi moja na kutafuta nyingine.

Mwaka wa 1805 akaenda mji wa Frankfurt, akitaka kujifunza kujenga nyumba. Huko akakutana na Bwana Gruner, mkuu wa shule moja, ambaye alimtazama akaona kwamba kijana huyu ni mwalimu, si mjenzi, akampa darasa la wavulana. Fröbel aliposimama mbele yao kwa mara ya kwanza, aliona kana kwamba amefika nyumbani baada ya safari ndefu. Akamwandikia ndugu yake Christoph kumweleza furaha yake. Tangu siku hiyo hakuitafuta tena kazi nyingine ya maisha.

Wakati ule sifa za mwalimu Pestalozzi, aliyekuwa na shule katika mji wa Yverdon huko Uswisi, zilikuwa zimeenea katika nchi nyingi. Pestalozzi alifundisha kwamba mtoto aanze kwa vitu avionavyo na kuvigusa, si kwa maneno ya kukariri. Fröbel alimtembelea mwaka ule wa 1805, kisha akarudi mwaka wa 1808 pamoja na wavulana watatu aliokuwa akiwalea, akakaa mpaka mwaka wa 1810, akiwa mwalimu na mwanafunzi pamoja. Alijifunza mengi. Tena alitazama michezo ya wavulana uwanjani baada ya masomo, akaona kwamba katika michezo ile wanapata nguvu za mwili, na uaminifu, na kutii sheria waliyojiwekea wenyewe, mambo ambayo mwalimu darasani huyahubiri kwa shida. Lakini akaona pia kwamba katika masomo ya Yverdon kila jambo lilisimama peke yake, halikufungamana na jingine.

Akazidi kutafuta elimu. Akasoma Göttingen, kisha Berlin, na huko Berlin akajifunza habari za mawe na madini. Alistaajabu kuona jinsi jiwe lisilo na uhai lilivyo na umbo lake na kanuni yake, likikua kwa utaratibu toka ndani. Akawaza kwamba Muumba aliyetia kanuni ndani ya jiwe hakosi kutia kanuni ndani ya mtoto, na kazi ya mlezi si kumfinyanga mtoto apendavyo, bali kuingoja kanuni ile na kuitunza. Mwaka wa 1813, Wajerumani walipoinuka kupigana na Napoleon, akajiunga na askari wa kujitolea. Vitani akawapata marafiki wawili, Langethal na Middendorff, vijana waliokuwa wakisoma elimu ya Mungu. Usiku waliketi karibu na moto wakizungumza habari za malezi. Urafiki ule haukuvunjika hata kufa. Vita vilipokwisha akarudi Berlin, akapewa kazi nzuri ya kutunza nyumba ya mawe na madini.

Ndipo jina la Christoph lirudipo. Yeye alikuwa mchungaji wa kijiji cha Griesheim. Mwaka wa 1813 askari wagonjwa walipoletwa, aliwahudumia, akaambukizwa homa kali ya vita, akafa, akaacha mjane na wana watatu. Fröbel hakuweza kusahau. Mwaka wa 1816 akaiacha kazi yake ya Berlin na mshahara wake, akaenda Griesheim kuwalea watoto wale, pamoja na wana wawili wa ndugu yake mwingine. Hiyo ndiyo shule yake ya kwanza, wana wa ndugu watano katika nyumba ya kijijini. Mwaka uliofuata wakahamia Keilhau, karibu na Rudolstadt, nao Langethal na Middendorff wakaja kumsaidia. Mwaka wa 1818 akamwoa Henriette Wilhelmine Hoffmeister, binti aliyelelewa katika raha za Berlin, naye akakubali umaskini wa Keilhau bila manung'uniko.

Huko Keilhau watoto walisoma, walilima, walipanda milima, walijenga mabwawa katika vijito na ngome za udongo. Wakaongezeka hata wakafika kama sitini. Mwaka wa 1826 Fröbel akatoa kitabu kikubwa juu ya malezi ya mwanadamu, ambacho ndani yake aliandika kwamba mchezo ndio hatua ya juu ya makuzi ya mtoto mdogo, kwa kuwa humo moyo wa mtoto huonekana wazi. Lakini watawala wa siku zile waliogopa kila jambo jipya, wakaishuku shule. Mtawala akatuma mkaguzi, naye mkaguzi akarudi akiisifu. Hata hivyo wazazi wengi walikuwa wamekwisha kuogopa, wakawaondoa watoto wao. Kufika mwaka wa 1829 walibaki wanafunzi wachache tu, na madeni yalikuwa mengi.

Basi mwaka wa 1831 akaenda Uswisi, akafanya kazi mahali kadha wa kadha, na mwisho akawekwa juu ya nyumba ya mayatima katika mji wa Burgdorf. Hapo aliona jambo ambalo alikuwa amelikaribia kwa miaka mingi. Watoto walipofika kwake katika umri wa kwenda shule, alikuta wengi wamekwisha kuharibika au kudumaa, si kwa ukosefu wa akili, bali kwa kuwa katika miaka yao ya kwanza hakuna aliyezungumza nao wala kucheza nao. Tunajua ni nani aliyemkumbuka alipowatazama. Akakata shauri kwamba siku zake zilizobaki atazitoa kwa ajili ya watoto wadogo ambao bado hawajafika shuleni. Mwaka wa 1836, kwa sababu ya ugonjwa wa mke wake, wakarudi Ujerumani.

Mwaka wa 1837, akiwa mtu wa miaka 55, akaanza kazi katika mji mdogo wa Blankenburg. Akatengeneza vitu vya kuchezea ambavyo aliviita vipawa. Kipawa cha kwanza ni mipira sita midogo ya sufu, kila mmoja na rangi yake, ambayo hata mtoto mchanga aweza kuishika bila kuumia. Cha pili ni vipande vya mti, kimoja kimeviringana kama mpira, kimoja kina pande sita zilizo sawa kama dadu, na kimoja ni kama gogo fupi. Mtoto huviviringisha, huona kwamba cha kwanza huenda kila upande, na dadu haiendi, na gogo huenda likilazwa na kusimama likisimamishwa. Cha tatu ni kisanduku chenye dadu nane ndogo, ambazo zikiwekwa pamoja ni dadu moja kubwa. Vipawa vingine vilifuata, na baada yake kazi za mikono, kama kukunja karatasi, kusuka, kupanga vijiti na kufinyanga udongo.

Tazameni hekima iliyofichwa katika zile dadu nane. Mtoto hupewa kwanza kitu kizima, kisha hukigawanya. Kwa vipande vile hujenga kiti, au ngazi, au kanisa lenye mnara. Kisha huvipanga apate umbo la kupendeza kama ua. Kisha huona mwenyewe kwamba nane ni nne na nne, na nne ni mbili na mbili, kabla hajaijua tarakimu hata moja. Wala hafundishwi kubomoa ili aanze tena, bali huigeuza kazi ya kwanza iwe ya pili, na vipande vyote vitumike, kisiachwe hata kimoja. Mwisho wa mchezo vyote hurudi katika kisanduku, vikawa tena kitu kizima. Hayo yote mtoto huyapata huku akidhani kwamba anacheza tu, na kweli anacheza.

Mwaka wa 1839 Henriette akafa, na huzuni ya Fröbel ilikuwa kubwa. Bado kazi yake ilikuwa haina jina. Siku moja alikuwa akitembea na marafiki zake kutoka Keilhau kwenda Blankenburg, akiwaza. Walipofika mlimani wakaliona bonde lililo chini yao limenawiri kama bustani, na pale pale jina likamjia, akaiita kazi yake bustani ya watoto. Kwa maana katika bustani mtunzaji haivuti miche ili irefuke. Huitilia maji, huipalilia, huipa nafasi na jua, na kukua ni kazi ya Mungu. Bustani ya watoto ilitangazwa rasmi tarehe 28 Juni 1840, siku ya sikukuu ya kumkumbuka Gutenberg aliyevumbua kupiga chapa kwa herufi za kuhamishwa miaka mia nne kabla yake. Fröbel aliwaalika wanawake wa Ujerumani wanunue hisa ili kazi ipate fedha, lakini walionunua hawakutosha.

Wala jina lile halikuwa mfano tu. Palikuwa na bustani ya kweli. Kila mtoto alipewa tuta lake dogo, apande na kupalilia na kuvuna atakavyo, na kuyazunguka matuta hayo palikuwa na matuta ya wote, ambayo wote waliyatunza pamoja. Hivyo mtoto alijifunza kwamba ana lake, na kwamba lake liko katikati ya la wenzake. Katika michezo ya kuimba walishikana mikono katika duara, wakaigiza ndege na wakulima na mto unaokwenda. Mwaka wa 1844 akatoa kitabu cha nyimbo na michezo ya vidole kwa ajili ya akina mama, kwa kuwa aliona kwamba mwalimu wa kwanza ni mama, na michezo achezayo na mtoto mapajani ndiyo masomo ya kwanza. Akaanza pia kuwafundisha wanawake vijana kazi ya ulezi. Siku zile jambo hilo lilikuwa geni, maana ualimu ulihesabiwa kuwa kazi ya wanaume, na wengi walicheka.

Mwaka wa 1849 akahamia Liebenstein. Wageni waliokuja huko kuoga maji ya dawa walimwona mzee mwenye nywele ndefu nyeupe akirukaruka mlimani pamoja na watoto wa vijijini, wakasema kwamba ni mzee aliyepungukiwa na akili. Lakini bibi mmoja wa ukoo mkubwa, Bertha von Marenholtz-Bülow, aliposikia maneno hayo alikwenda kumtazama mwenyewe. Alimwona akicheza, akaona watoto wanavyomtii kwa furaha, akatambua kwamba mbele yake yupo mtu mwenye hekima. Tangu siku hiyo akawa msaidizi wake na mtetezi wake. Mwaka wa 1850 Fröbel akapewa nyumba ya Marienthal, iliyo karibu na hapo, iwe shule ya kuwafundisha walezi, na mwaka wa 1851 akamwoa Luise Levin, aliyekuwa mwanafunzi wake.

Ndipo lilipompata pigo kuu. Mwaka wa 1848 kulikuwa na maasi katika nchi za Ujerumani, na watawala waliporudishiwa nguvu zao waliwashuku watu wote. Tarehe 7 Agosti 1851 Waziri von Raumer wa ufalme wa Prussia akatoa amri ya kuzifunga bustani zote za watoto, akisema kwamba ni sehemu ya fundisho la kisoshalisti lenye nia ya kuwalea vijana katika kumkana Mungu. Ushahidi wake ulitoka katika kijitabu juu ya shule za wasichana na bustani za watoto, kilichoandikwa na Karl Fröbel. Karl hakuwa Friedrich. Alikuwa mmoja wa wale wana watatu wa Christoph, mayatima ambao kwa ajili yao Friedrich aliiacha kazi yake ya Berlin. Akiwa mtu mzima Karl alikuwa na mawazo yake mwenyewe, na waziri aliona jina moja akadhani ni mtu mmoja.

Fröbel aliandika barua kueleza kosa hilo. Akaomba kazi yake ichunguzwe. Akamwandikia hata mfalme. Waziri alipojulishwa kosa lake hakuiondoa amri. Mzee huyu, mtoto wa mchungaji na mpwa wa mchungaji, ambaye kila asubuhi aliwafundisha watoto kumshukuru Baba wa mbinguni kwa ajili ya maua na mvua, aliitwa mtu wa kuwaondoa watoto kwa Mungu. Jambo hilo lilimchoma moyo kuliko umaskini wake wote. Hata hivyo hakuacha kufundisha. Mnamo Juni 1852 alialikwa katika mkutano mkuu wa walimu katika mji wa Gotha, na alipoingia mlangoni mkutano wote ukasimama kumheshimu. Majuma machache hayakupita, akaugua, akafa Marienthal tarehe 21 Juni 1852, akiwa na miaka 70. Alizikwa Schweina, na juu ya kaburi lake marafiki zake waliweka jiwe lenye umbo la dadu, na gogo, na mpira, vitu vile vile vya mchezo wa watoto.

Alikufa amri ikiwa bado yasimama. Iliondolewa mwaka wa 1860. Lakini wanafunzi wake walikuwa wamekwisha kutawanyika katika nchi nyingine. Mwaka wa 1856 mwanamke wa Kijerumani, Margarethe Schurz, alifungua bustani ya watoto nyumbani kwake Watertown, Marekani, na mwaka wa 1873 mji wa St. Louis uliitia katika shule zake za serikali. Mwaka wa 1876 ilifunguliwa huko Tokyo, Japani. Luise, mjane wake, aliendelea na kazi hiyo mpaka alipokufa mwaka wa 1900. Amri iliyotaka kuua mbegu katika nchi moja haikuweza kuizuia isiote katika nchi nyingine.

Tusimsifu kupita kiasi. Fröbel aliandika kwa maneno mazito, hata wasomi hushindwa kumwelewa mahali pengine, na alikuwa mtu asiyejua kutunza fedha. Tena baadhi ya wafuasi wake walivigeuza vipawa kuwa amri za kijeshi, watoto wote wakainua dadu moja kwa wakati mmoja kwa sauti ya mwalimu, na hivyo wakaupoteza mchezo ule ule aliotaka kuwapa. Jambo kuu si dadu za Ujerumani. Mtoto wa kwetu afinyangaye ng'ombe wa udongo, na kumjengea zizi, na kuhesabu ndama wake, anavyo vipawa vyote vya Fröbel, na hakuvinunua.

Basi, ndugu zangu, maisha haya yanatuuliza maswali. Sharika zetu nyingi zina chekechea, na jambo hilo ni jema. Lakini je, tukiingia humo twakuta bustani, au twakuta watoto wa miaka minne wameketi kwenye mabenchi tangu asubuhi wakinakili herufi wasizozielewa, na aliyechoka huchapwa? Wazazi hutusukuma wakisema kwamba wanalipa ada ili mtoto asome, si acheze. Kazi yetu ni kuwaeleza kwa upole kwamba mtoto ajengaye na kuimba na kuuliza yumo katika masomo, na kwamba kalamu itamkuta yu tayari.

Swali la pili ni letu sisi wachungaji na walimu wa dini. Baba yake Friedrich hakuwa mtu mbaya. Alichoka kwa ajili ya kondoo wa watu wote, na mwana-kondoo wa nyumbani kwake akakosa malisho. Mimi niandikaye haya nimejiona katika habari hii. Nina watoto, na mara nyingi wamenikuta mezani na karatasi za mahubiri, nikawaambia waende nje. Nabii Zakaria alipoonyeshwa Yerusalemu utakapoponywa, hakuonyeshwa wazee tu wenye fimbo zao, bali wavulana na wasichana wakicheza katika njia zake. Na Bwana wetu aliwakasirikia wanafunzi wake kwa sababu waliwazuia watoto kumkaribia.

Kwa hiyo ukipita uani kesho, ukaona vijiti vimepangwa mchangani, usivisukume. Zunguka. Au, ukipata nafasi, chuchumaa ukamwulize mwenye nyumba mlango uko wapi.